Kipimo kikishatoa jibu, nani atampigia mgonjwa simu? Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya ya akili

Kwenu mawaziri wa afya na makatibu wenu, wakurugenzi wa hospitali za magonjwa ya akili, na ninyi mnaogawa fedha za utafiti.

YAH: PICHA ZA UBONGO NA VIPIMO VYA DAMU VYA KUTABIRI KUJIUA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili. Naandika kwa sababu mezani kwenu lipo, au litafika karibuni, andiko linaloomba fedha za mashine, vitendanishi na programu ya kompyuta itakayosoma picha ya ubongo au damu ya mgonjwa na kusema kama yuko hatarini kujiua. Maandiko ya namna hiyo huja yamependeza, na picha za ubongo uliopakwa rangi nyekundu hapa na bluu kule. Nawaomba msitie saini kwanza. Sababu zangu nimejitahidi kuzieleza kwa namna ambayo daktari wenu na mhasibu wenu wataielewa sawasawa.

Haja ya kipimo ni ya kweli, na hilo nalisema mapema ili nisionekane adui wa maabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Sisi wa wodini tunategemea maswali, macho na dodoso, na zana hizo ni dhaifu kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1983 daktari wa akili Alex Pokorny alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 4,800 waliolazwa katika wodi za akili za hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, Marekani. Kwa kutumia kila alichokijua juu yao aliwaweka 803 kwenye kundi la hatari. Waliojiua wakati wa ufuatiliaji walikuwa 67, na 30 tu kati yao walitoka kwenye kundi hilo. Wengine 37 walitoka miongoni mwa wale ambao hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao sana. Miaka 34 baadaye mtafiti Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365, kazi ya nusu karne, wakakuta kwamba uwezo wa kutabiri kwa kutumia sababu zinazojulikana unazidi kidogo mno kubahatisha, na kwamba miaka 50 ya utafiti haikuuongeza.

Mtu akisoma hayo, ni haki yake kusema: basi tuache maneno, tupime mwili. Hapo ndipo mwenye mashine anapoingia.

Sasa naomba mvumilie hesabu, kwa kuwa ndiyo moyo wa barua hii. Chukueni wagonjwa 100,000 walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba baada ya kuruhusiwa, vifo vya kujiua ni 484 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Tuseme 500, hesabu iwe nyepesi. Kisha tumpe muuzaji zaidi ya anachostahili: kipimo chake kinawakamata 90 kati ya kila 100 watakaojiua, na kinawaachia huru 90 kati ya kila 100 ambao hawatajiua. Hakuna kipimo cha damu wala cha picha kilichothibitishwa kufikia kiwango hicho kwa wagonjwa wapya wa kawaida, lakini tumpe tu.

Katika wale 500, kipimo kitawaona 450 na kuwakosa 50. Katika 99,500 waliobaki, kitapiga kengele kwa watu 9,950 ambao wasingejiua. Kwa hiyo daktari atapokea majina 10,400 yenye alama nyekundu, na katika kila majina 100 ya hayo ni manne, labda matano, ambayo kipimo kimesema kweli. Na hao wengine 95? Mtawalaza wote? Vitanda viko wapi? Mtawaambia nini wake zao, waume zao, waajiri wao?

Muuzaji akirudi na kipimo chenye usahihi wa 99 kwa 100 pande zote mbili, jambo ambalo kwa tabia ya binadamu sijui kama linawezekana, bado atawapata 495 wa kweli na kuwatia alama 995 bure. Wawili katika kila watatu walioonyeshwa kidole wangeonyeshwa kimakosa. Kosa hili halitokani na ubovu wa maabara. Linatokana na ukweli kwamba kujiua, hata kwa wagonjwa wetu waliougua sana, ni tukio la wachache, na Mungu atujalie libaki hivyo. Ndiyo maana kila andiko linalotaja “usahihi wa asilimia 90” bila kutaja ni wangapi kati ya waliotiwa alama ndio waliokuwa hatarini kweli linapaswa kurudishwa kwa mwandishi siku hiyohiyo.

Tuje kwenye damu, na kwanza maji ya uti wa mgongo, maana huko ndiko habari ilikoanzia. Mwaka 1976 kule Stockholm, Marie Åsberg na wenzake waliwapima wagonjwa 68 wa sonona. Waliokuwa na kiwango kidogo cha 5-HIAA, yaani mabaki ya serotonini baada ya kutumika mwilini, ndio waliojaribu kujiua zaidi. Ulikuwa ugunduzi mzito, na tafiti kadhaa za baadaye ziliuunga mkono. Mwaka 2001 William Coryell na Michael Schlesser walichapisha matokeo ya miaka 15 ya kuwafuatilia wagonjwa 78 wa sonona waliopimwa kwa deksamethasoni, dawa ambayo kwa mtu wa kawaida huzima kwa muda homoni ya kotisoli. Kwa wale ambao kotisoli yao ilikataa kuzimika, makadirio ya hatari ya kujiua yalikuwa asilimia 26.8. Kwa wenzao yalikuwa asilimia 2.9. Ukiangalia tofauti hiyo unaelewa kwa nini watu walisisimka.

Lakini wagonjwa walikuwa 78. Hapo pana jambo ambalo wanasayansi wenyewe wanalijua na wauzaji wanaliruka: kundi dogo hutoa namba kubwa. Mwaka 2014 timu ya chuo kikuu cha Johns Hopkins ilitangaza alama kwenye jeni iitwayo SKA2, na magazeti yakaandika kwamba kipimo cha damu cha kutabiri kujiua kimekaribia. Zaidi ya miaka kumi imepita. Tafiti zilizofuata zilitoa matokeo mseto, na kipimo hicho hakijawa sehemu ya kazi ya kawaida katika wodi za akili. Viashiria vya kinga ya mwili, kama IL-6 na protini ya CRP, navyo huonekana vimepanda kidogo kwa wastani kwa watu waliojaribu kujiua. Lakini hupanda pia kwa mwenye maambukizi, kwa mvutaji sigara, na kwa mwenye uzito uliozidi. Wodini kwangu sifa hizo tatu zinawagusa wagonjwa wengi kweli.

Kwenye picha za ubongo mambo yalikuwa mabaya zaidi, na kisa kimoja kinatosha. Mwaka 2017 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha kazi ya Marcel Just, David Brent na wenzao. Vijana 17 wenye mawazo ya kujiua na 17 wasio nayo waliwekwa kwenye mashine ya MRI wakawaza maneno kama kifo, ukatili na sifa. Kompyuta ikawatenganisha kwa usahihi wa asilimia 91. Habari ilizunguka dunia nzima. Baadaye Timothy Verstynen na Konrad Kording walionyesha tatizo: maneno na sehemu za ubongo zilizotumika zilichaguliwa kwa kuangalia ni zipi zinawatenganisha vizuri watu walewale 34 ambao kompyuta ilikuja kupimwa nao. Ni sawa na fundi anayekata nguo juu ya mwili wa mteja, akiibana hapa na kuilegeza pale, kisha anatangaza kwamba amegundua kipimo kinachomkaa kila mtu. Mwaka 2023 utafiti huo uliondolewa rasmi kwenye jarida. Kwa miaka karibu sita ulikuwa ukitajwa kwenye maandiko ya kuomba fedha, pengine hata yaliyopita mezani kwenu.

Watafiti walipokusanya watu wengi, picha ikatulia. Kazi ya muungano wa watafiti uitwao ENIGMA iliyochapishwa na Adrián Campos na wenzake iliunganisha picha za watu 18,925 kutoka makundi 18 ya nchi mbalimbali. Waliowahi kujaribu kujiua walikuwa na thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, ndogo kidogo kwa wastani, pamoja na tofauti nyingine chache za aina hiyo. Neno la kushika hapo ni “kidogo”. Ni tofauti unazoziona ukiwapanga maelfu upande huu na maelfu upande ule. Ukileta picha ya mgonjwa mmoja, haina cha kukuambia juu yake. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha kwenye Nature kwamba ili kuhusisha ubongo na tabia kwa uhakika unahitaji watu maelfu, wakati tafiti nyingi za picha zilikuwa zikifanywa na watu wapatao 25. Hiyo peke yake ingetosha kuwa kanuni ya kugawa fedha.

Kuna pia suala la muda, ambalo kwangu ni zito kuliko yote baada ya hesabu. Nimewauguza watu wa aina hii kwa miaka. Hatari haikai mahali pamoja. Mgonjwa anaamka akiwa sawa, mchana anapokea simu kwamba ameachwa au amefukuzwa kazi, jioni si yuleyule. Kesho yake dada yake akija kukaa naye, wimbi limepita. Umbo la ubongo halibadiliki kati ya asubuhi na jioni, na jeni aliyozaliwa nayo haibadiliki kabisa. Kipimo cha kitu kisichobadilika kinaweza kukuambia ni nani aliyezaliwa au kukua akiwa dhaifu zaidi mbele ya misukosuko, na hilo ni elimu nzuri. Hakiwezi kukuambia nimruhusu leo au nimshikilie hadi kesho.

(Na wewe msomaji ambaye si mkuu wa chochote, unayesoma hapa ukiwa umebeba mawazo haya mwenyewe: hesabu ninazozitaja hazikuhusu wewe kama hukumu. Mawazo hayo huja na kupita, nimeyaona yakipita kwa watu wengi mno. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi, na uende kituo cha afya au upige simu ya msaada iliyo karibu nawe. Usikae peke yako usiku huu.)

Nirudi kwenu. Tuseme kipimo kimenunuliwa. Jibu linakwenda wapi? Linaingia kwenye faili, na faili lina macho mengi. Zipo nchi zaidi ya 20 ambazo sheria zake bado zinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Katika nchi kama hizo karatasi ya maabara yenye alama nyekundu itaombwa na polisi. Kwingineko itaombwa na kampuni ya bima, au itafika kwa mwajiri kwa njia ambazo sote tunazijua. Mgonjwa naye ana masikio. Mtu ambaye tayari anajiona mzigo akiambiwa kwamba damu yake, kitu asichoweza kukibadilisha, inasema atajiua, mnadhani atarudi kliniki akiwa na tumaini?

Upande wa pili ndio unaonitia hofu zaidi: jibu la “hatari ndogo”. Katika uchambuzi wa Matthew Large na wenzake wa mwaka 2016, karibu nusu ya wagonjwa wa akili waliojiua walikuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari ndogo. Wodi ikiwa imejaa, jibu la hatari ndogo lenye nembo ya mashine ya bei ghali litakuwa tiketi ya kumtoa mtu kitandani. Hakuna muuguzi atakayethubutu kubishana na mashine. Kwa sababu kama hizi, mwongozo wa Septemba 2022 wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ulisema wazi kwamba dodoso na mizani ya hatari isitumike kutabiri kujiua, wala kuamua nani apewe matibabu na nani aruhusiwe, na kwamba watu wasigawanywe katika hatari ndogo, ya kati na kubwa. Mwongozo unataka tuulize mtu huyu anahitaji nini ili awe salama. Ikiwa karatasi ya maswali imekatazwa kazi hiyo, sioni kwa nini MRI iruhusiwe kwa kuwa tu ni kubwa na inatoa mlio.

Fedha hizo zingekwenda wapi? Hapa sina haja ya kubuni.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipata pia mazungumzo ya saa moja na mtaalamu, kisha likatafutwa mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa, kuulizwa hali. Basi, ni hilo tu. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na asilimia 0.2 katika kundi la pili. Mwaka 2018 Barbara Stanley na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 1,640 wa idara za dharura za maveterani. Walioandika mpango wa usalama pamoja na mhudumu, yaani dalili zangu ni hizi, nikizidiwa nitafanya hivi, nitampigia fulani, kisha wakafuatwa kwa simu, walikuwa na matukio ya kujiua au kujaribu pungufu kwa asilimia 45 katika miezi sita. Utafiti huo haukuwa wa bahati nasibu, na ni haki niliseme hilo pia. Lakini angalieni vifaa vyake: karatasi, kalamu, simu, na mtu anayelipwa kuipiga.

Tunajua pia ni wakati gani wa kuweka nguvu, bila kipimo chochote. Uchambuzi ule wa 2017 nilioutaja unaonyesha kwamba katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuruhusiwa kiwango kinapanda hadi 1,132 kwa watu 100,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya wastani. Tarehe ya kuruhusiwa iko kwenye kila faili, na haigharimu kitu kuisoma. Hata hivyo hospitali nyingi hukomea kumpa mgonjwa kadi ya kliniki ya baada ya mwezi, na asipotokea hakuna anayeuliza.

Vipimo vya damu ninavyovithamini mimi ni vile vya kawaida. Klozapini ilionekana katika jaribio la InterSePT mwaka 2003 kupunguza majaribio ya kujiua kwa wagonjwa wa skizofrenia kuliko olanzapini, na ili kuitumia kwa usalama lazima uhesabu chembe nyeupe za damu. Lithiamu, ambayo ushahidi wake mpya umekuwa na mvutano lakini bado ni dawa kubwa kwa wenye baipola, inahitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu pamoja na figo na tezi. Kuna hospitali ambazo mgonjwa hapewi dawa hizi kwa sababu tu maabara haina vitendanishi vya kumfuatilia. Kabla ya kununua kipimo cha kutabiri, jazeni kwanza rafu hiyo.

Siombi utafiti usimame. Kama siku moja damu itatuonyesha ni mgonjwa yupi wa sonona atasaidiwa na dawa ipi, nitakuwa wa kwanza kushangilia, na huko ndiko naona viashiria hivi vina maana: kuchagua tiba, kuelewa ugonjwa, kutengeneza dawa mpya. Thomas Insel, aliyeongoza taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani kwa miaka 13, alisema mwaka 2017 kwamba fedha zipatazo dola bilioni 20 zilitoa makala nzuri za kisayansi, lakini haoni kama zilipunguza kujiua. Ninyi ambao serikali zenu hutenga kwa afya ya akili takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya, ambao ndio wengi duniani, hamna nafasi ya kujifunza somo hilo kwa gharama ileile.

Kwa hiyo, mkikubali kufadhili, fadhilini tafiti za maelfu ya watu, zilizosajiliwa kabla ya kuanza, ambazo takwimu zake watafiti wengine wanaweza kuzikagua, na ambazo kipimo kinajaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine kabla ya mtu kuita waandishi wa habari. Wagonjwa na familia zao wakae kwenye kamati ya kuamua nani ataona majibu. Nchi yenye sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua ifute sheria hiyo kwanza, kabla hata sampuli moja haijachukuliwa. Na muuzaji akifika ofisini kwenu, mwulizeni aonyeshe jaribio ambamo wagonjwa waliopimwa kwa kifaa chake walikufa wachache kuliko wale ambao hawakupimwa. Asipokuwa nalo, mpeni chai, mumshukuru kwa kuja, na kwa fedha hizo waajirini wauguzi wa kufuatilia wagonjwa walioruhusiwa wiki hii.

Wenu mtiifu,
Muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili